Saa Tisa ya Lubumbashi

Siku ile tulikuwa watu watano sebuleni: mimi, mdogo wangu wa kike, patron wa nyumba ya wageni, mama mpishi, na fundi wa umeme aliyetoka Lubumbashi. Samaki waliokuwa bado hai walikuwa wanne. Wa tano alikuwa amelala juu ya gazeti karibu na mlango, upande mmoja umeshakauka, kwa sababu patron alitaka fundi amwone kabla hajatupwa.

Walikuwa samaki wa bahari. Sijui wangapi hapa Bunia wamewahi kuiona bahari, mimi sijaiona. Mgeni mmoja aliyefanya kazi hapa miaka ile ya askari wa kigeni ndiye aliyelileta lile tangi la vioo kwa kupitia Kampala, na alipoondoka akamwachia patron tangi, samaki na ndoo tatu za chumvi ya kuchanganya na maji. Patron aliliweka sebuleni mbele ya viti vya wageni. Mama mpishi alipoambiwa maji yale ni ya chumvi hakuamini. Alikulia Mahagi-Port, ziwani, na kwake maji ya samaki ni maji ya kunywa. Akachovya kidole, akalamba, akatema kwenye aproni yake. Baada ya hapo alikuwa akiwaita samaki wale "wale walioungwa tayari."

Chini ya tangi kubwa, ndani ya kabati, kulikuwa na tangi dogo. Maji yalishuka kutoka juu, yakapita humo polepole, kisha pampu ikayarudisha. Ndani yake kulikuwa na majani ya bahari, kama nywele za kijani zilizosokotana, na vidudu vidogo vilivyojificha humo visiliwe. Mgeni yule aliliita kwa Kifaransa refuge, kimbilio. Mama mpishi akaliita kambi, kwa sababu walioishi humo walikuwa wamekimbia wakubwa, walibanana na walikula kilichoanguka kutoka juu. Jina likabaki. Hata patron alisema kambi. Miaka ile sote tulikuwa tumewahi kulala kambini, au tulikuwa na ndugu aliyekuwa bado huko, na neno lilikuwa limeisha makali.

Kazi yangu ilikuwa kufua mashuka, kupiga deki na kuwatunza samaki. Malipo yangu, pamoja na mshahara, yalikuwa chumba cha mbao nyuma ya jiko, ambamo niliishi na mdogo wangu. Wazazi wetu walikufa siku moja, nyumba ilipochomwa. Nilikuwa na miaka kumi na minne, yeye tisa. Niliishia mwaka wa kwanza wa sekondari. Yeye hakuacha shule hata wiki moja, isipokuwa zile wiki ambazo shule zenyewe zilifungwa, na mwaka ninaousimulia alikuwa mwaka wa sita, akijiandaa kwa Examen d'État, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Tangu nyumba ile, hatuwashi moto wa wazi mahali tunapolala. Hatukuwahi kukaa na kuliamua jambo hilo. Ni kwamba hakuna kati yetu aliyewahi kununua mshumaa.

Kwa hiyo taa yetu ilikuwa ya betri ya patron. Umeme wa mji ulikuja siku ulizotaka. Jenereta iliwashwa wageni wakiwepo, na wageni walikuwa wachache. Barabara ilikuwa ikifunguliwa na kufungwa, na patron mwenyewe aliweka begi lililofungwa nyuma ya mlango wa chumba chake. Kilichobaki kilikuwa paneli mbili za jua juu ya bati na betri moja kubwa. Betri ilibeba pampu za samaki usiku kucha. Patron alisema kitakachobaki ni chetu.

Fundi alikuwa ndiyo kwanza amefika Bunia kumtafutia kazi kaka yake kwenye minara ya simu, na yeye mwenyewe akapata kazi kabla ya kaka. Mara ya kwanza alipoitwa, ilikuwa kwa sababu taa ya kambi ilikuwa imeungua. Alileta nyingine, ya rangi ya waridi iliyokolea, akasema majani yanaipenda hiyo. Akaleta pia soketi yenye saa: kisahani cha plastiki chenye namba kuanzia moja hadi ishirini na nne, kimezungukwa na meno madogo. Unashusha meno ya saa unazotaka taa iwake. Siku ile nilikuwa sokoni. Alimwachia mama mpishi karatasi anipe, na juu yake alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: TAA YA KAMBI, SAA TISA YA USIKU MPAKA SAA TANO YA ASUBUI.

Nilisoma, nikahesabu kwa vidole, nikashusha meno kuanzia tatu hadi kumi na moja. Saa tisa ya usiku ni saa ile ambayo hata mbwa wa jirani wamenyamaza. Saa tano ya asubuhi ni kabla ya chakula cha mchana. Niliona ni saa za ajabu kwa majani, lakini samaki wenyewe walikuwa wa ajabu.

Zikapita wiki mbili, nzuri kwa mdogo wangu kuliko wiki zozote tulizokaa pale. Kambi ilikuwa gizani jioni nzima, betri haikuwa na kazi kubwa, na taa ya chumba chetu iliwaka kuanzia giza linapoingia mpaka yeye mwenyewe anapoizima. Alisoma akiwa ameegemeza mgongo kwenye ukuta wa jiko, uliokuwa bado na joto. Sikumuuliza alifika wapi kwenye masomo. Nilikuwa nimeshapita mahali ambapo ningeweza kuuliza swali la maana.

Samaki, kwa upande wao, walianza kupanda juu. Kila asubuhi niliwakuta kwenye uso wa maji wanafungua na kufunga midomo. Pampu ikilemewa alfajiri, ndipo wanazidi. Nilibadilisha maji, nilipunguza chakula, nilisafisha vioo. Asubuhi ya kumi na tano yule mweusi mwenye mstari wa njano alikuwa chini kwenye mchanga. Patron alikuja amevaa malapa, akasimama. Alikuwa na neno moja juu ya samaki wale, alilowaambia wageni wote: kwamba katika nyumba ile wao tu ndio hawakukimbia hata mara moja. Siku ile hakulisema. Alisema, "Kama hawa wanaisha, mi sitakuwa na kazi ya kukupa, na chumba ni ya mufanyakazi." Hakusema kwa hasira. Kisha akaagiza fundi aitwe.

Ndivyo tulivyojikuta watano sebuleni. Mdogo wangu alikuwapo kwa sababu ilikuwa Jumamosi na alikuwa akinisaidia kubeba ndoo.

Fundi alifungua kabati, akapiga magoti, akaitazama ile soketi. Kisha akanitazama mimi.

"Mama, niliandika nini pa karatasi?"

"Saa tisa ya usiku mpaka saa tano ya asubui."

"Na weye ulitia ngapi?"

"Tatu mpaka kumi na moja."

"Tatu inatoka wapi?"

"Inatoka pa saa tisa," nikasema.

Mama mpishi ndiye aliyeelewa kwanza. Aliweka chini sinia la viazi alivyokuwa anamenya. "Ngoja. Weye muntu wa Lubumbashi. Kwenu jua linatoka saa ngapi?"

"Saa sita," fundi akasema. "Sasa litoke saa ngapi?"

"Saa sita!"

"Six heures. Saa sita. Namba iko pa saa yako ya mukono, mama, soma tu."

"Na chakula ya muchana munakula saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

Mama mpishi alicheka mpaka akashika meza. "Saa kumi na mbili siye huku tunafunga kuku. Watu wa kwenu, Bakatanga, beko nakula chakula ya muchana wakati kuku iko nalala."

"Si nyinyi ndiyo munachanganya," fundi akasema, naye akicheka kidogo. "Saa inaonyesha tisa, munasema tatu. Mulifundishwa na nani?"

"Na jua," mama mpishi akajibu.

Patron hakucheka. Aliuliza, "Kwa hiyo ile yako tisa ni ngapi?"

"Vingt et une heures, patron, ishirini na moja, ile yenu saa tatu ya usiku. Mpaka cinq heures ya asubui, kumi na moja yenu." Fundi alimweleza, na nilisikiliza kwa sababu hakuna aliyekuwa amewahi kunieleza. Usiku, alisema, taa kubwa ikizimwa, kila kilicho ndani ya maji kinavuta hewa na hakuna kinachoirudisha, na maji yanachacha. Majani ya kambi yakipata taa wakati huohuo, yanafanya kazi kinyume cha wengine. Wengine wanalala, yenyewe yako macho. Ndiyo maana taa ya chini iwake taa ya juu inapozimwa. Mimi nilikuwa nimeyaacha gizani masaa yale mabaya, nikayawashia mengi mchana, wakati hayakuhitajika.

"Basi tuweke hivyo," patron akasema.

"Inawekwa," fundi akasema. "Lakini kuna taa ingine inavuta pa betri hii." Alikuwa ameona waya unaotoka dirishani kuelekea jikoni. "Zote mbili haiwezi. Ukiwasha ile ya nyuma jioni, kabla ya cinq heures betri imekwisha, pampu inasimama. Pale unapoteza samaki yote, si moja."

Hakuna aliyemtazama mdogo wangu. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja na siku chache kabla ya mtihani.

Nilijaribu. Niliuliza kama kambi inaweza kuwaka mchana tu, jua likiwa juu ya paneli, betri isiguswe. Fundi akasema inaweza, na majani yataota, lakini usiku utabaki usiku uleule. Niliuliza kama ianze saa tano ya usiku, tano ya kwetu, ili jioni ibaki. Aliandika kwenye kiganja chake kwa kalamu, akajumlisha, akatikisa kichwa. Majani yalikuwa bado machache. Masaa sita hayakutosha, na taa ya nyuma bado ingekula chaji ya alfajiri. Labda baada ya miezi mitatu, yakishajaa.

Patron akaniambia, "Weye ndiyo unaishi na hawa. Mi sitaki kusema niliwazimia taa yenu. Chagua masaa weye mwenyewe."

Mpaka leo sijui kama hilo lilikuwa jema au baya. Nilipiga magoti mbele ya kabati. Niliinua meno yote niliyokuwa nimeyashusha, kisha nikaanza pale penye ishirini na moja. Yanatoa sauti ndogo kila moja linaposhuka. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo mkononi. Nilisema bila kugeuka:

"Nikopeshe masaa yako."

"Utanilipa na nini?"

"Na masaa."

Aliweka ndoo chini. "Sawa, yaya. Lakini mi nahesabu." Kwetu yaya ni mkubwa wa kuzaliwa, hana jina lingine kwangu.

Mama mpishi alikuwa amerudi kwenye viazi vyake. "Si asome mu kambi?" akasema. "Pale taa itawaka bure usiku muzima."

"Ile taa ni ya majani," fundi akasema. "Haiko ya wanafunzi."

"Majani inasoma nini? Hata dipolome haitafuti."

Wakacheka wote wawili. Patron akasema kama hatagusa waya, na akae kimya wageni wakiwepo, yeye hana neno. Fundi akachukua malipo yake, samaki wa kwenye gazeti akaenda kwenye shimo la taka, na mimi nikakausha sakafu.

Usiku uleule ikaanza hivyo. Giza likiingia alilala. Taa ya kambi ikiwaka aliamka, akatandika mkeka sebuleni mbele ya kabati, akafungua mlango wake, akasoma. Rangi ile ya waridi ilimjaa usoni na mikononi. Nilimwona mara chache tu, kwa sababu mimi nilikuwa nimelala. Zamani sikuwa nikilala vizuri, lakini wiki zile nililala kama mtu aliyewekewa jiwe juu. Nilikuwa nimeshachagua, na baada ya kuchagua hakukuwa na kitu kingine cha kufanya kwa akili.

Samaki walipona. Ndani ya siku nane niliwakuta asubuhi chini, kila mmoja kwenye pembe yake, midomo inakwenda polepole. Majani yakaota mpaka nikawa nayang'oa kwa konzi na kuyatupa. Patron akarudia kuwaambia wageni lile neno lake la samaki wasiokimbia.

Wiki mbili kabla ya mtihani, shule ikiwa imeshawaachia wanafunzi wakajisomee, msichana mmoja wa darasa lake alimwazimisha daftari lake la hesabu. Yule msichana alikuwa na mwalimu wa ziada aliyemsahihishia mazoezi yote. Lakini mchana alilihitaji mwenyewe. Kwa hiyo mdogo wangu alilifuata jioni, akalirudisha asubuhi mapema, wakati bado kuna ukungu, kabla hajaja kunisaidia mashuka. Usiku kumi na mbili alinakili daftari lile chini ya taa ya kambi. Alinakili vizuri. Mwandiko wake ulikuwa mzuri tangu mdogo.

Alifanya mtihani siku zake zote. Siku ya mwisho alirudi, akala, akalala mchana.

Kesho yake yule msichana alikuja kumsalimia, na daftari lake mkononi, ili walinganishe majibu. Walikaa uani kwenye ndoo mbili zilizogeuzwa. Nilikuwa naanika mashuka hatua chache kutoka kwao. Jua lilikuwa kali. Msichana alifungua daftari, mdogo wangu akafungua la kwake, na nikasikia mazungumzo yamekatika.

"Hii umetoa wapi?" msichana akauliza.

"Kwako."

"Kwangu? Lakini hii mwalimu alikata. Angalia. Aliandika yake pembeni, na bic rouge."

Mdogo wangu alichukua daftari la mwenzake, akageuza ukurasa, akageuza mwingine. Nilisogea na shuka begani. Kurasa zilikuwa nyekundu kila mahali: mistari ya kukata, majibu mapya pembeni, alama za kuuliza. Katika daftari la mdogo wangu hakukuwa na hata moja ya hayo. Yalikuwapo yale ya bluu tu, yaliyokatwa na yasiyokatwa, yote sawa, kwa mwandiko mzuri.

"Hukuona?" msichana akasema. "Si iko inaonekana?"

"Sikuona," mdogo wangu akasema.

Aliinuka na lile daftari, akaingia sebuleni, nikamfuata. Nilichomoa soketi, nikaichomeka taa moja kwa moja. Alifunga mapazia, akasogeza ukurasa ndani ya rangi ile. Bluu ilibaki nyeusi na wazi. Nyekundu ikazama kwenye karatasi. Ukijua ilipo ungeweza kuifuata kwa kidole. Kama hujui, hakuna kitu. Tulitazama ukurasa mmoja, kisha akafunga daftari.

Nilisema, "Pole."

Alisema, "Samaki wako wangapi sasa?"

"Wanne."

"Wote?"

"Wote."

Akaenda kumrudishia mwenzake daftari lake.

Siku ya matokeo mama mpishi alikuwa amenunua kopo la poda, ile nyeupe ya watoto, kwa sababu hapa anayepita mtihani humwagiwa poda kichwani, na mtaa mzima huona nani amepita. Kutoka asubuhi tulisikia kelele upande wa barabara kubwa. Mdogo wangu alikwenda kuangalia na simu ya mwenzake. Aliporudi, yule mwenzake alikuwa mweupe mpaka nyusi, na mdogo wangu alikuwa na poda kidogo begani tu, ya kukumbatiana. Mama mpishi alilitia kopo lake nyuma ya mifuko ya unga. Mchana ule alipika wali, na hakuna aliyezungumza mezani juu ya hesabu.

Sisemi ni daftari lile. Kulikuwa na mitihani mingine zaidi ya hesabu, na wiki zote zile alilala vipande vipande. Lakini meno ya ile soketi niliyashusha mimi mara zote mbili, mara ya kwanza kwa kutojua na mara ya pili kwa kujua, na ile ya kutojua ndiyo iliyomfaa.

Alirudia mwaka. Kabla haujafika nusu, patron alinunua betri ya pili, barabara ilipokaa wazi miezi kadhaa na wageni wakarudi. Taa yetu ikawaka jioni nzima. Akapita. Poda ilikuwa imegandamana koponi. Mama mpishi aliiponda kwa kijiko kabla ya kummwagia. Sasa mdogo wangu anafundisha Mahagi, darasa la nne, na nasikia anasahihisha kwa kalamu ya kijani.

Samaki wamebaki wawili. Mimi bado nawatunza. Ile soketi ilishaharibika, na siku hizi taa ya kambi naiwasha na kuizima kwa mkono wangu, kwa saa ya Lubumbashi.

Mdogo wangu huwa ananipigia simu Jumapili baada ya misa. Juma lililopita aliniuliza kule ni saa ngapi, nikamwambia saa tisa.

"Ya wapi?" akasema.

"Ya kwetu."

Akacheka. Tukazungumza juu ya mvua, na juu ya jino la mama mpishi. Kabla hajakata akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayekumbusha asisahau mwenyewe:

"Yaya, masaa yangu bado."

"Najua," nikamwambia. "Sijaanza kulipa."